Kanda Ndani ya Kofia ya Birika

Gera, 8 Februari 1983
(Kwa mkono wa jirani yetu Bi Kämpfe)

Bibi,

Kama unaisoma barua hii, basi umeshavuka mpaka, uko Berlin Magharibi kwa dada yako, Bibi Trude, na hakuna aliyekugusa. Kaa chini kwanza. Tafadhali, Bibi, kaa.

Chukua ile kofia ya sufu uliyomfumia dada yako ya kufunikia birika. Usimpe bado. Ipindue ndani nje. Kwenye bitana, upande wenye uzi wa kijani, nimefumua nikashona upya. Humo mna kaseti.

Ndiyo, umeibeba wewe. Nimekubebesha bila kukwambia kwa sababu nakujua. Ungejua, ungeogopa; na ungeogopa, wangekuona usoni. Uso wako hauwezi kudanganya hata kuhusu chumvi ya supu.

Ni albamu yetu mpya. Nyimbo nane. Ile ya kwanza tuliipitisha mkono kwa mkono, kaseti kumi na mbili tu, hadi ikachakaa. Hii nataka iwe santuri ya kweli, yenye jalada na jina letu, Kutu. Tuliirekodi chini ya kanisa, magodoro yakiwa ukutani, na mchungaji akipiga kinanda juu kwa nguvu ili wapita njia wasisikie. Henner kwenye ngoma, Tilo kwenye gitaa, mimi nikapiga kelele mpaka nikatema damu kidogo. Usishtuke, ilikuwa kidogo.

Huku kwetu Mashariki nani ataitoa? Kwa nywele zangu hizi tu naombwa kitambulisho mara nne kabla sijafika stesheni.

Mpelekee Volkmar Deubner, yule mrefu aliyevunja kiti chako cha jikoni kabla hajaruhusiwa kuhama. Anafanya kazi kwenye duka la santuri mtaani Kreuzberg, Bibi Trude ana anwani. Yeye anajua la kufanya.

Sasa unaweza kunitukana.

Mjukuu wako,
Ilka

*

Berlin Magharibi, 12 Februari 1983
(Kwa mkono wa Bi Kämpfe, anayerudi kesho)

Ilka,

Nimekutukana siku tatu. Trude ameniomba nipumzike.

Wajua kilichotokea mpakani? Sikiliza. Afisa alifungua sanduku langu, kijana tu, shingo nyembamba. Akaitoa ile kofia.

"Mama, hii nini?"

"Kofia ya birika, mwanangu."

"Kwani birika linasikia baridi?"

Akaivaa kichwani! Wenzake wakacheka. Na mimi, mjinga, nikacheka nao. Nikamwambia, "Inakupendeza, ila masikio yamebaki nje." Akaibonyeza pande zote mbili ili imkae vizuri, Ilka. Kwa vidole vyake. Halafu akaikunja akanirudishia, akanitakia safari njema.

Nilipoisoma barua yako hapa mezani, niliviona vidole vile tena. Nina miaka sitini na saba. Ulikuwa na haki gani? Mama yako alipofariki nilikuchukua ukiwa na miaka kumi, nikakulinda na kila kitu, kumbe wa kujilinda naye ni wewe.

Kaseti bado ninayo. Mara mbili nimekwenda nayo mpaka kwenye mfereji hapa nyuma niitupe, mara mbili nimerudi nayo. Jana Trude aliiweka kwenye redio yake. Tulisikiliza tukiwa tumekaa wima kama tuko msibani. Ni kelele za mtu anayeburuta kitanda cha chuma ngazini huku mwingine akigombana na jirani. Trude akasema, "Kumbe ana sauti."

Lakini wimbo wa nne. Unaimba kwamba babu yako Alwin aliangukiwa na mwamba mgodini, na serikali ikamtumia mjane wake shada la maua. Najua ni mimi niliyekusimulia. Utoe huo. Usiniulize kwa nini.

Na nijibu haya: nani wanajua kuhusu kaseti? Majina yenu yamo? Ukiandika kwa posta usiitaje kamwe, sema keki. Barua za posta zina wasomaji wengi.

Ukisikia hatua ngazini, usifungue mlango kabla ya kuuliza.

Bibi yako,
Elfriede

*

Gera, 19 Februari 1983
(Kwa posta)

Mpendwa Bibi,

Natumaini wewe na Bibi Trude hamjambo. Sisi huku tu wazima. Theluji imeanza kuyeyuka na ngazi zimekuwa na matope, nimezipiga deki Jumamosi zamu yetu ilipofika.

Nafurahi kwamba keki ilifika bila kuvunjika. Mapishi yanajulikana na watatu tu, na jina la mpishi halikuandikwa popote. Ningefurahi mkiikata yote, vipande vyote vinane. Kile cha nne ndicho nikipendacho kuliko vyote, sielewi kwa nini hukukipenda.

Henner ana surua. Wamemtenga, hatuwezi kumwona kwa wiki tatu. Ilimshika ghafla, kazini. Tilo hajambo ila amekuwa mkimya.

Wasalimie wote.

Mjukuu wako mtiifu,
Ilka

*

Berlin Magharibi, 24 Februari 1983
(Kwa posta)

Mpendwa Ilka,

Nimepata habari za surua ya Henner. Sijala tangu nilipoisoma barua yako. Ghafla, kazini, na wamemtenga! Maskini mama yake. Je, ameweza kumpelekea nguo? Je, wanasema surua yenyewe ni ya miezi mingapi?

Keki nilikuwa nimeshampelekea mwokaji, Mungu anisamehe, siku mbili kabla ya barua yako. Nilimpata dukani kwake, na kwanza akakivuta kiti kwa adabu akakijaribu kwa mkono kabla ya kukaa. Sasa nimempigia simu nikamwambia azime tanuri. Haoki kitu. Alinibishia, nikamwambia mimi ndiye mwenye keki.

Usiende popote palipo na surua. Vaa kitambaa kichwani. Nitarudi tarehe 9 Machi kama kibali kinavyosema.

Bibi yako,
Elfriede

*

Gera, 2 Machi 1983
(Kwa mkono wa mgeni wa mchungaji)

Bibi,

Surua ni surua! Vipele! Henner ana vipele mpaka kwenye nyayo, yuko wodini, mama yake anampelekea supu. Nilisoma barua yako mbele ya Tilo tukacheka mpaka nikashika ukuta. Ilikuwa mara yetu ya mwisho kucheka.

Tilo alipomaliza kucheka akaanza kulia. Akaniambia, "Ilka, mimi ndiye." Watu wa Usalama walimwita mwezi wa kumi na mbili, wakamwonyesha karatasi ya kuitwa jeshini, wakamweleza jinsi gereza la jeshi lilivyo. Akawa anawaambia mambo madogomadogo. Juzi amewaambia kubwa: kaseti imekwenda na wewe. Hata kofia ya birika amewaambia. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamwashia sigara.

Jana walinifuata kiwandani. Wawili. Mkubwa alikuwa na mafua, ananyonya peremende za kifua, kila neno lina harufu ya mnanaa. Hawakunipigia kelele. Wameweka karatasi mbele yangu, imeshachapwa. Inasema kwamba wewe ndiye uliyenipa wazo, ukaibeba kaseti kwa hiari yako ukaipeleka kwa maadui, na mimi ni kijana aliyepotoshwa na mzee wake. Nikisaini, narudi kwenye cherehani yangu. Nisiposaini, ni kizuizini mimi, na Henner anatolewa wodini na vipele vyake. Wamenipa mpaka Jumanne tarehe 8.

Nikamwambia mwenye mafua, "Huyo ni bibi yangu."

Akasema, "Kusaini si jambo geni kwenu. Muulize alisaini nini mwaka 1951."

Bibi, ulisaini nini?

Hapana, usijibu. Usirudi tu. Baki huko kwa Bibi Trude, sema mguu unauma, sema lolote. Wanakusubiri mpakani. Nikifumba macho nasikia harufu ya mnanaa. Leo mlango ulipogongwa nilijificha nyuma ya jiko, kumbe ni mtu wa kusoma mita ya gesi.

Usirudi.

Ilka

*

Berlin Magharibi, 5 Machi 1983
(Kwa mkono wa Mzee Pohle, atakayepitia Leipzig na kufika Gera tarehe 7)

Ilka, mwanangu,

Mzee Pohle anaondoka baada ya saa moja, kwa hiyo naandika bila kupamba.

Babu yako hakuangukiwa na mwamba. Alikuwa seremala wa nguzo mgodini, urani ikichimbwa kwa ajili ya Warusi. Siku moja kwenye foleni ya chakula alisema, "Mawe wanayachukua wao, kikohozi wanatuachia sisi." Maneno hayo tu. Walikuja kumchukua Novemba 1951, akaondoka na soksi moja mkononi kwa sababu hakupata muda wa kuivaa. Mama yako alikuwa na miaka minne.

Baada ya wiki tano waliniita. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, kama yako. Ilisema nimemsikia mume wangu mara nyingi akisema maneno ya uadui nyumbani, kwamba namkana na naomba talaka. Nisiposaini, mtoto anapelekwa kituo cha yatima. Nikasema nataka kwanza kumwona. Wakaniruhusu dakika tatu. Alikuwa amepungua, ananiangalia kama mtu anayesoma saa ya mbali. Akaniita kama nyumbani, "Saini, Friedel. Una mtoto." Nikasaini nikiwa nimesimama. Alifariki huko ndani mwaka 1953. Shada la maua nililinunua mwenyewe, ili majirani waone limeletwa.

Miaka thelathini na moja sijajua kama aliniambia nisaini kwa kunipenda, au alikuwa ameshaona usoni kwangu kwamba nitasaini tu, akanionea huruma. Ndiyo maana nafunga mlango mara tatu. Ndiyo maana nilikuwa nakufinya ukicheka kwa sauti kwenye tramu. Ulinichukia kwa hilo, najua.

Sasa nisikilize. Saini. Saini karatasi hiyo, kila neno, andika jina lako vizuri. Mimi ndiye ninayekwambia, na safari hii hakuna aliyenishika mkono. Nitarudi tarehe 9, na wakiniuliza nitasema ndiyo, niliibeba nikijua, wazo lilikuwa langu. Nisiporudi watasema karatasi haitoshi, watakuchukua wewe. Bibi wa miaka sitini na saba watamfanya nini? Wanilishe? Mimi ni gharama.

Trude amelia, amenificha viatu. Nimevipata.

Volkmar nimemwambia awashe tanuri. Nimemwambia bila jina la mtu, bila picha. Akauliza kuhusu wimbo wa nne. Nikasema ubaki. Nitakuwa nimekwambia ukweli, na siku ukiweza kuubadilisha utaubadilisha mwenyewe.

Naogopa sana, Ilka. Nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Bibi yako,
Elfriede

*

Gera, 17 Aprili 1983
(Kwa mkono, usiulize wa nani)

Bibi,

Nimeianza barua hii mara sita.

Mzee Pohle alishikwa na homa Leipzig kwa binti yake. Alifika kwangu Ijumaa tarehe 11, bado ana jasho, akanipa barua yako akaomba maji.

Mimi nilisaini Jumanne.

Unaelewa? Sikuwa nimeisoma. Hukuwa umeniruhusu. Sikujua habari za babu wala soksi wala neno lake. Niliogopa, basi. Ilikuwa Siku ya Wanawake, asubuhi kiwandani walitugawia kila mmoja ua jekundu na keki. Nikaingia chumbani kwao nikiwa nalo mkononi, sikujua pa kuliweka. Hawakunigusa. Yule mwenye mafua alikuwa amepona. Alinisogezea karatasi, akanishikia ua ili nipate nafasi ya kuandika. Nilipomaliza akanirudishia akasema, "Hongera kwa siku yenu."

Njiani kurudi nilijiambia kwamba nimekuandikia usirudi, kwa hiyo karatasi haina madhara. Nilijiambia hivyo mpaka tarehe 9. Siku ile nilikwenda stesheni kukuzuia au kukupokea, sikujua. Treni ilifika, hukushuka. Nikafurahi! Nikasema amebaki. Nilikununulia mkate wa mbegu, nikaula peke yangu nikifurahi. Kumbe walikuwa wamekushusha mpakani. Tarehe 11 niliposoma "nitarudi" ndipo nilipojua ulikuwa wapi.

Nilikwenda ofisi tatu kuuliza. Ya tatu wakaniambia, "Raia huyo ameomba kuhama moja kwa moja, na ombi lake limekubaliwa." Wiki iliyofuata walikuja kutoa vitu nyumbani kwako. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaona kabati lako likishuka ngazi limefungwa kamba. Bi Kämpfe amefanikiwa kuokoa sufuria mbili na mashine ya kusagia kahawa.

Henner amepona, ameitwa jeshini. Tilo ameacha kupiga gitaa, haji tena kanisani. Mimi nimezikata nywele. Naenda kazini, narudi, nafunga mlango. Siku moja nilijikuta narudi mara ya pili kuangalia kama nimeufunga, na nilipogeuka nikawa nimegeuka wewe.

Walikuonyesha karatasi? Niambie ukweli. Kama walikuonyesha, sitaomba unisamehe, nataka tu kujua uliiona.

Ilka

*

Berlin Magharibi, 14 Mei 1983
(Kwa mkono wa Bi Kämpfe)

Ilka, mwanangu,

Walinionyesha.

Nilikaa kwao siku tano. Chumba kilikuwa na joto, walinipa uji na dawa yangu ya shinikizo la damu, siwezi kusema uongo. Siku ya pili waliniwekea karatasi mezani, wakakaa kuniangalia. Nilivaa miwani. Nikaiona ile K yako, mguu wake mrefu unapita chini ya mstari kama ulivyokuwa ukiandika shuleni, mwalimu akakukaripia.

Cha kwanza kilichonijia moyoni ni hiki: basi hawatamchukua. Kilikuja kabla sijafikiri chochote, na nikavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Ndipo baadaye, Ilka, nikadhani umeisoma barua yangu na umenitii. Sasa unaniambia hukuwa umeisoma. Nimelikalia neno hilo siku nzima, nilipanga kwenda sokoni sikwenda. Sitakuficha, limeniuma. Liliuma mpaka jioni. Halafu nikajiuliza: nilipovuta pumzi ile, nilikuwa najua umetii au la? Sikujua. Na bado nilivuta pumzi ile. Kwa hiyo Alwin naye, chochote alichokiona usoni kwangu, alivuta pumzi yake kwamba mtoto hatachukuliwa. Ndivyo ninavyoamini sasa. Inanitosha. Na wewe ikutoshe.

Wakaniuliza kama karatasi ni kweli. Nikasema ni kweli yote, wazo langu, kofia yangu. Mkubwa wao akaniuliza, "Wewe, bibi, unapenda muziki huu?" Nikasema sana. Akaandika. Siku ya tano walinitia kwenye treni na sanduku langu, wakaniambia nisirudi. Ninaota nimesahau chungu jikoni Gera kinaungua.

Santuri imetoka. Ni nyeusi, jalada lina ukuta na maandishi "Kutu", nyuma hakuna jina hata moja, kama nilivyotaka. Volkmar ameniletea moja. Trude anaisikiliza akipiga pasi.

Wiki hii nilikwenda dukani kwake Kreuzberg. Walikuwa wanaipiga, mlango wazi, unasikika mpaka barabarani. Msichana mmoja alikuwa amesimama karibu na spika, nywele zake kama brashi ya chupa, anafuatisha maneno kwa midomo. Aliniona nimesimama, akanichekea kwa upole.

"Bibi, inakukera?"

"Hapana."

"Wanatoka upande ule. Hakuna anayejua ni nani. Wewe unatoka kule pia, nasikia kwenye kusema kwako. Humjui huyu anayeimba?"

Nyuma yake alikuwepo mwanamume anapekua santuri, koti la kijivu. Pengine alikuwa mtu wa kawaida. Pengine alikuwa na mke na watoto na anapenda muziki.

Nikasema, "Simjui."

"Mimi naona anaogopa," akasema yule msichana. "Sikiliza. Anaogopa kabisa, na bado anapiga kelele namna hii."

Nikamwambia nina haraka, nikatoka. Sikuwa na haraka yoyote, Ilka. Nilitaka kusimama pale mchana kutwa.

Bibi yako,
Elfriede